Jenereta Ipo, Lakini Je, Itawaka?

Ndugu msomaji, leo naomba nafasi nizungumze nawe juu ya jambo ambalo watu wengi huwaachia mafundi, kana kwamba halimhusu mtu mwingine. Nalo ni umeme wa hospitali. Huenda utasema, "Mimi ni mkulima, au mwalimu, au mama wa nyumbani; umeme wa hospitali wanihusu nini?" Ngoja kidogo. Siku ukilazwa hutaulizwa kama ulipata kusoma ufundi. Utalala kitandani, na uhai wako, au wa mkeo, au wa mjukuu wako, utapita katika waya ambao hujapata kuuona, na katika swichi iliyomo ndani ya kibanda nyuma ya jiko la hospitali. Tena yawezekana wewe u mjumbe wa kamati ya hospitali, au ulitoa shilingi zako siku ya mchango wa jenereta. Basi neno hili lakuhusu.

Mimi ni fundi umeme. Kazi hii nimeifanya kwa zaidi ya miaka 30, karibu yote katika hospitali za misheni huku bara. Sasa nimestaafu, ingawa bado naitwa mara kwa mara. Nilifundishwa kwanza katika shule ya ufundi, kisha nikafundishwa na mashine zenyewe, ambazo ni walimu wakali sana, maana hazirudii somo.

Nyumbani umeme ukikatika, watu husema "Aa!", wakatafuta mshumaa au kurunzi, na mazungumzo yakaendelea. Hospitalini sivyo. Taa iliyo juu ya meza ya upasuaji ni umeme. Mashine ya kufyonza damu, na maji katika kinywa cha mtoto aliyezaliwa sasa hivi, ni umeme. Friji ya chanjo, ambayo sharti ikae kati ya nyuzi 2 na 8 za joto, ni umeme. Hata maji ya bomba, mara nyingi ni pampu ya umeme inayoyapandisha katika tangi. Na ile mashine ndogo ya oksijeni ambayo huvuta hewa ya kawaida na kuichuja, haina akiba yoyote tumboni mwake. Umeme ukikatika, nayo imekwisha, na mgonjwa hubaki na mpira puani usiotoa kitu. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani, pamoja na Benki ya Dunia na mashirika mengine, lilitoa taarifa ya kwamba karibu watu bilioni 1 katika nchi zenye kipato kidogo hutibiwa mahali pasipo na umeme wa kutegemewa au pasipo na umeme kabisa. Basi wewe nami tumo katika hesabu hiyo, au tu majirani wa waliomo.

Watu wakisikia hayo hujibu upesi, "Tununue jenereta." Vema. Nami sina ugomvi na jenereta. Lakini acha nikusimulie.

Mwaka 1994, wakati wa masika, niliitwa hospitali moja ambayo sitaitaja jina. Haikuwa yangu, mimi nilikuwa kituo kingine, mwendo wa siku nzima kwa basi. Hospitali ile ilikuwa na jenereta nzuri sana, zawadi ya marafiki wa ng'ambo, ina rangi ya kijani, na ukutani mwa kibanda chake kulikuwa na bamba la shaba lenye majina ya waliotoa na tarehe ya kufunguliwa. Siku ya kufunguliwa, niliambiwa, walichinja ng'ombe. Basi usiku mmoja radi ilipiga, umeme ukakatika, na daktari alikuwa katikati ya kumpasua mama mwenye uchungu wa siku mbili. Wote wakasubiri kusikia ngurumo ya jenereta. Haikunguruma. Mlinzi akaenda kusukuma kitufe. Ikasema "tik" mara moja, ikanyamaza.

Mama yule alipona, na mtoto wake pia. Daktari alimaliza kazi kwa mwanga wa kurunzi mbili zilizoshikwa na wauguzi, na mikono yao ilikuwa ikitetemeka, kama mmoja wao alivyonieleza. Lakini katika wodi ya watoto kulikuwa na kichanga wa miezi minne mwenye kichomi, aliyekuwa kwenye mashine ya oksijeni. Mtungi wa akiba ulikuwapo, umejaa, ila ulikuwa stoo, na stoo ilikuwa imefungwa, na mwenye ufunguo alikuwa kwake ng'ambo ya mto uliofurika. Mtoto yule hakufika asubuhi. Daktari alisema hawezi kuapa kwamba angepona umeme ungalikuwapo. Labda. Mama yake hakuniuliza habari ya umeme, nami sikuwa na la kumwambia.

Nilipofungua kibanda nilikuta jenereta haina ubaya wowote. Mafuta yamo, oili ni safi, mashine karibu mpya. Betri tu ndiyo iliyokuwa imekufa. Sasa, betri ya jenereta sharti ichajiwe daima kidogo kidogo na chaja iliyochomekwa katika umeme wa kawaida, ili siku ile moja iwe na nguvu ya kuzungusha injini. Nikafuata waya wa chaja kwa kidole mpaka kwenye soketi. Katika soketi ile palichomekwa birika la mlinzi la kuchemshia chai. Plagi ya chaja ilikuwa inaning'inia kando, na buibui alikwisha kujenga juu yake.

Usimlaumu mlinzi, msomaji. Usiku wa masika ni baridi, na soketi ilikuwa moja. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia plagi ile nyeusi ni ya nini. Aliona kitu kisichotoa mwanga wala sauti, akakiondoa apate chai. Tangu siku ile, kila nilipopita, chaja ya jenereta naifunga moja kwa moja kwenye nyaya, bila plagi, ili mwenye kutaka kuiondoa aje kwanza na bisibisi. Ni kazi ya nusu saa.

Ndipo nilipoanza kuwaambia watu jambo ninalokuambia wewe leo. Jenereta si kitu kimoja. Ni mnyororo. Kuna tangi la mafuta, na pampu ya mafuta, na chujio, na betri, na chaja ya betri, na kifaa kinachohisi kwamba umeme umekatika, na swichi kubwa ya kugeuzia, ambayo sisi mafundi huiita chenjiova, inayoiondoa hospitali katika umeme wa nje na kuitia katika umeme wa jenereta. Pete moja ikikatika, mnyororo wote ni chuma chakavu. Nasi katika kuchanga hupenda pete kubwa, ile inayopakwa rangi na kuwekewa bamba. Sijapata kuona bamba la ukumbusho la betri. Sijapata kuona ng'ombe akichinjwa kwa ajili ya chujio la dizeli.

Na hata pete zote zikiwa nzima, mashine isiyofanya kazi huzoea uvivu. Katika kituo changu tulikuwa na desturi ya kuwasha jenereta kila Jumatatu kwa dakika 5, ikinguruma peke yake bila kubeba kitu, kisha tunaizima na kuandika "nzuri". Desturi hii ipo mahali pengi hata leo, nayo ni mbaya kuliko watu wadhanivyo. Injini ya dizeli ikizungushwa bila mzigo haipati joto la kutosha. Mafuta hayaungui yote. Mengine hutoka na kuganda kama lami katika bomba la moshi, na masizi hujaa. Ni kama maksai anayetembezwa tu barabarani bila plau. Mtu akimwona husema, "Ng'ombe huyu ana afya." Siku ya kulima atapiga magoti kabla ya tuta la pili. Kanuni za Wamarekani kwa hospitali zao zataka jenereta ijaribiwe kila mwezi kwa dakika 30, nayo ibebe mzigo usiopungua asilimia 30 ya nguvu zake. Tena umeme ukikatika, ule wa kuokoa uhai uwe umerudi kabla ya sekunde 10. Sisemi kila jambo la Wamarekani ni jema. Hili ni jema.

Basi nikaomba tuanze kujaribu namna hiyo: mara moja kila mwezi tukate kabisa umeme wa nje, kama vile radi imepiga, na jenereta ibebe hospitali kwa nusu saa. Mhasibu wetu, mzee mwenye heshima na mwangalifu wa fedha, alinijia juu.

"Bwana fundi, umeme upo, nawe wataka kuchoma dizeli. Hii ni akili gani?"

Nikamwambia, "Mzee wangu, mbona mlinzi tunamlipa kila usiku, na mwizi hajaja?"

"Mlinzi nikimwona amelala namfukuza," akasema.

"Naam, Mzee. Na jenereta ikilala, wewe utajuaje bila kuiamsha?"

Alicheka sana, lakini karatasi hakutia sahihi. Tukaenda kwa Sista, aliyekuwa mkuu wa hospitali. Akaniuliza ni lita ngapi. Jenereta yetu ilikuwa ya kilowati 80 hivi, na ikibeba nusu ya mzigo hula yapata lita 12 kwa saa. Basi kwa nusu saa ni lita 6. Sista akamgeukia Mzee akasema, "Mpe lita zake sita." Mwezi wa kwanza tu tuliona jambo ambalo dakika 5 za Jumatatu hazikuwa zimetuonyesha kwa miaka: jenereta iliwaka vizuri, lakini chenjiova haikugeuka. Ilikuwa imeshika kutu. Injini yanguruma nje, na chumba cha upasuaji ni giza totoro. Mzee mwenyewe alikuja kuangalia. Tangu siku ile hakubisha tena habari ya dizeli, ingawa risiti aliendelea kuzidai zote, nami nilimheshimu kwa hilo.

Labda wasema moyoni, "Haya ni mambo yetu sisi maskini, Wazungu na Wajapani wenye fedha hawafikwi na hayo." La, hasha. Hufikwa, na kwa sababu zile zile.

Usiku wa tarehe 29 Oktoba 2012 dhoruba iliyoitwa Sandy iliupiga mji wa New York, na maji ya bahari yakapanda katika mitaa. Hospitali ya chuo kikuu iitwayo NYU Langone iko karibu na mto. Walikuwa na jenereta, tena nyingine zimewekwa juu ghorofani mahali pasipofikiwa na maji. Lakini tangi na pampu za kupandisha mafuta zilikuwa chini kabisa, chini ya ardhi. Maji yakaingia huko, mafuta yakakatika, na umeme wa akiba ukafa. Usiku ule ule ikabidi kuwahamisha wagonjwa zaidi ya 300. Miongoni mwao walikuwa vichanga 20 wa chumba cha watoto mahututi. Wauguzi waliwateremsha ngazi za ghorofa 9 gizani wakiwa wamewakumbatia, na waliokuwa hawawezi kupumua wenyewe walipuliziwa hewa kwa mfuko wa kubonyeza kwa mkono, ngazi hata ngazi. Watoto wote 20 walifika salama. Nilipoisoma habari ile niliinuka nikatembea uani kidogo.

Jirani yao, hospitali ya Bellevue, jenereta zilikuwa ghorofa ya 13, na pampu za mafuta, vile vile, chini ya ardhi. Huko watu walijipanga katika ngazi, wafanyakazi na askari, wakipokezana mafuta mkono kwa mkono mpaka juu, kama sisi tunavyopokezana ndoo nyumba ikiungua. Waliiweka hospitali hai hivyo mpaka wagonjwa wakahamishwa katika siku zilizofuata. Waona basi? Fedha walikuwa nazo, na wahandisi, na jenereta. Pete moja ya mnyororo ilikuwa mahali pabaya.

Hata katika kinu cha nguvu za atomiki imekuwa hivyo. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko kubwa la ardhi lilipiga Japani. Katika kituo cha Fukushima Daiichi umeme wa nje ulikatika, na jenereta zikawaka vizuri kama zilivyopaswa. Mhandisi yeyote angalisema, "Tumepona." Kama dakika 50 baadaye wimbi la bahari likaja, urefu wake yapata mita 14, na jenereta nyingi, pamoja na makabati ya swichi, zilikuwa katika vyumba vya chini. Zikazama. Katika vinu vitatu nishati ya atomiki ikayeyuka kwa joto kwa kukosa maji ya kupooza. Lakini jenereta moja ilibaki hai, ile ya kinu cha 6, kwa kuwa ilikuwa mahali palipoinuka na ilipoozwa kwa hewa, si kwa maji ya bahari. Nayo ikavisaidia vinu viwili, cha 5 na cha 6, visiharibike. Tena kuna jambo moja ambalo huwasimulia vijana wa ufundi kila mara. Kwa kuwa vipimo vyote vilizimika, wafanyakazi walikwenda kwenye maegesho wakazifungua betri za magari, wakaziunganisha ili wapate kusoma tu maji yamefika wapi ndani ya kinu. Kituo kile kilichogharimu fedha zisizohesabika kilikuwa kikitafuta betri ya gari.

Na jirani zetu wa Kenya: usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu nchi nzima, na uwanja mkubwa wa ndege wa Nairobi ukaingia giza pamoja na wasafiri wake, kwa sababu jenereta moja ilikataa kuwaka. Waziri aliomba radhi hadharani, na mkuu wa mamlaka ya viwanja vya ndege akaondolewa kazini. Hilo ni lao. Mimi ni fundi. Najua tu kwamba kumwondoa mkubwa hakuijazi betri maji.

Lakini habari iliyonigusa zaidi ya zote ni ya London, nayo haina maji ya bahari wala tetemeko. Usiku wa tarehe 20 Machi 2025 transfoma katika kituo cha umeme cha North Hyde iliwaka moto, na kesho yake uwanja wa Heathrow ukafungwa karibu siku nzima. Safari zaidi ya 1,300 za ndege zikaharibika. Uwanja ule ulikuwa na njia tatu za kuletewa umeme, lakini kuupanga upya umeme wa ndani ili njia mbili zilizobaki zibebe kazi yote, walisema, ni kazi ya saa 10 hadi 12. Njia ya akiba ipo, kumbe haiwahi. Kisha taarifa ya uchunguzi ilipotoka, Julai 2025, ikaonyesha kwamba unyevu katika kiungo kimoja cha transfoma ile ulikwisha kuonekana tangu Julai 2018 walipopima mafuta yake. Waliona. Liliandikwa. Iliyopasa kufanywa haikufanywa, miaka ikapita karibu 7. Basi usidhani daftari la ukaguzi ni dawa. Daftari ambalo hakuna anayelisoma ni sawa na lile lililotuandikia "nzuri" kila Jumatatu.

Mpaka hapa nimesema juu ya umeme usiokuja unapotakiwa. Sasa niseme kidogo juu ya umeme unaokuja usipotakiwa, maana huo nao huua, tena kimya.

Mtu mzima mwenye viatu akiguswa na umeme, mara nyingi huruka akajitoa. Mgonjwa aliye juu ya meza hawezi kuruka. Amelala usingizi wa dawa, ngozi yake imelowa, chini yake kuna chuma. Na ikiwa amewekewa waya au mrija unaofika moyoni, basi umeme mdogo mno, kiasi cha ampia moja iliyogawanywa mara 10,000, waweza kuusimamisha moyo wake; na muuguzi aliyeshika mashine ile ile hasikii hata mwasho. Ndiyo maana kila mashine yenye mwili wa chuma sharti iwe na waya wa tatu, ule unaokwenda ardhini, ili umeme ukivuja ukimbilie huko badala ya kupita katika mwili wa mtu. Na ndiyo maana katika vyumba vya wodi twafunga swichi ya usalama inayokata umeme wenyewe pindi unapovuja miliampia 30.

Katika chumba cha upasuaji kuna hila nyingine nzuri. Hapo hutaki umeme ukatwe, maana kumtia giza daktari mwenye kisu ni hatari ya pili. Basi huwekwa transfoma maalumu inayoutenga umeme wa chumba kile na ardhi, hata waya mmoja ukivuja, hakuna linalozimika. King'ora hulia tu, kumwambia daktari amalize kisha aite fundi. Ukipata nafasi, uliza kama hospitali yenu inacho. Nyingi hazina, au king'ora kilizimwa kwa sababu kilikuwa kinasumbua.

Waya wa ardhini una msiba wake: ukiondoka, hakuna anayejua. Taa zinawaka, friji inaganda, redio inaimba. Nimekwenda mahali ambapo fimbo ya shaba na waya wake vimeng'olewa na wezi wa shaba, na hospitali imekaa hivyo kwa muda nisioujua, watu wanazaa na kupasuliwa juu ya bahati tu. Tena kuna mashine za zawadi kutoka ng'ambo. Kutoka Ulaya zaja na plagi ya pini mbili za mviringo. Soketi zetu zina matundu matatu. Mfanyakazi hafanyi nini? Huchukua kalamu, akaichomeka tundu la juu lifungue milango ya matundu ya chini, akasukuma pini mbili zikaingia. Mashine inawaka! Wote wanashangilia. Lakini waya wa ardhini haukugusa kitu. Najua hata wewe nyumbani kwako umefanya hivyo kwa chaja ya simu. Simu ni ya plastiki, haidhuru sana. Mashine ya chuma iliyolala kando ya mgonjwa si simu. Na zile za Marekani zimetengenezwa kwa volti 120. Ukizichomeka katika volti 230 zetu utapata moshi kabla ya kupata matibabu. Anayetaka kutuletea mashine, na aulize kwanza plagi yetu ikoje. Si utovu wa shukrani kumwambia hivyo.

Basi wewe usiye fundi ufanye nini? Usishike nyaya, nakuomba. Ila katika mkutano wa kamati, baada ya kusomwa mapato na matumizi, inua mkono uulize: mara ya mwisho umeme wa nje ulikatwa kwa makusudi lini, na jenereta ilibeba nini, kwa dakika ngapi? Betri ina umri gani? Anayeshika ufunguo wa stoo ya mitungi ya oksijeni analala wapi? Mvua kubwa ikija, maji yatapita upande gani wa kibanda? Waya wa ardhini ulipimwa lini, na kwa kipimo gani? Wakikuambia "fundi anajua", mwombe fundi aje ajibu mwenyewe. Atafurahi. Katika miaka yangu yote niliitwa katika kamati mara tatu tu, na mara mbili ilikuwa kutengeneza kipaza sauti.

Na ukichanga, changa kwa pete ndogo. Waandikie juu ya bahasha, "Hii ni ya betri."

Katika kituo nilichoacha sasa kuna fundi kijana, binti wa watu wa hapa hapa, ambaye nilimfundisha miaka minne. Ananiita Babu, ingawa sikumzaa mamaye. Hukata umeme kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi, baada ya kuwaarifu madaktari na kuhakikisha meza ya upasuaji ni tupu, na muuguzi mmoja amesimama kando ya kila mgonjwa wa oksijeni na mtungi umefunguliwa. Juzi nilipita kumsalimu, nikalisoma daftari lake. Halisemi "nzuri". Lasema hivi: "Umeme umekatwa saa 4.02. Jenereta imewaka na chenjiova imegeuka, sekunde 9. Mzigo kilowati 34, dakika 30. Friji ya chanjo haikurudi yenyewe, soketi imelegea. Imekazwa. Maji ya betri yameongezwa, chumba cha tatu. Taa ya ngazi ya wodi ya wazazi haikuwaka. Nimeomba balbu kwa Mzee, hajatoa. Nitamwendea tena kesho."